Kichwa cha Cherehani

Tulikwenda watatu, Jumamosi asubuhi,
barabara ya nane, Ngamiani:
mimi katibu, na daftari langu la mistari,
Mama Semkiwa mweka hazina,
na kijana wa kubeba.
Laki mbili na arobaini, miezi mitano.
Dawa ya deni ni kulipa, akasema Mama Semkiwa
kabla hata ya hodi.

Bi Mwantumu alikuwa na pini mdomoni.
Akazitema moja moja kiganjani, akazihesabu,
akasema: Chukueni.
Tukalegeza skrubu. Tukachukua kichwa,
chenye kipepeo cha dhahabu kilichofutika bawa.
Meza tukamwachia, na pedali, na mkanda wake.
"Tumekuhurumia," nikamwambia,
nikaandika: *Dhamana, kichwa tu.*

Usiku, Makorora, umeme umekatika,
nikafunua makaratasi ya marehemu mwalimu Singano
aliyekuwa akifundisha sheria ya Musa pale Pongwe.
Mchwa wamekula kona, wamekula na jina
la mwalimu mmoja wa Kiyahudi, wa zamani za zamani;
limebaki "bin", kisha nukta.
Huyo bin Nukta ndiye aliyeninyima usingizi.

Sheria, ameandika Singano, humkataza mwenye kudai
kutwaa rehani mawe ya kusagia,
wala lile la juu peke yake.
Wanafunzi wakamzonga bin Nukta:
Yote mawili yamekwisha katazwa,
la juu linatajwa tena la nini?
Sheria nayo ina maneno ya kumwaga?
Hakujibu. Akaagiza jiwe moja, likaletwa.
Akatia ngano juu yake.
"Sageni."
Wakatazamana.
"Basi atwaaye moja ametwaa mawili,
na kwa mawili atahukumiwa."

(Bibi yangu, Muheza, la chini aliliita mama,
la juu mwana.
Ukiazima mwana, akisema, mrudishe
mama hajapoa.)

Mwanafunzi mbishi, kila darasa linaye, akauliza:
Na mkasi wa kinyozi? Na jembe?
Sheria imesema jiwe, mwalimu. Jiwe.
Bin Nukta akamwambia: Jiwe umelisikia.
Sasa sikiliza unga.
Unga wa nani umekatika?

Hapo karatasi imechanika.
Kwamba deni limefutwa, sikuona aliposema.
Nimetafuta kwa tochi ya simu, mbele na nyuma,
maana ningependa kujua,
fedha yangu pia imo.

Alfajiri nikakifunga kichwa kwenye kerea ya baiskeli
kwa mpira wa tairi, nikakifunika kanga ya mke wangu,
manyunyu yananipiga usoni hadi barabara ya nane.
Mama Semkiwa sikumwambia.
Atanitoza faini, na ni haki yake:
katiba ya kikundi, kifungu cha tisa,
niliiandika mimi.

Bi Mwantumu hakusema karibu, hakusema ahsante.
Alikaza skrubu, akavisha mkanda,
akainamia sindano kwenye mwanga wa dirisha.
"Imevunjika ncha."
Nikamwambia kichwa ndicho, kipepeo ndicho,
sindano ni kitu kidogo, Bi Mwantumu.

Akavuta kaki ya sare, nzito, ya watoto wa Januari,
akailaza chini ya ile sindano,
akanisogezea kiti.
"Shona," akasema.

Nilisimama.
Nje mtu alikuwa anauza vitumbua, anapita, anarudi.
"Na deni?" nikauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.
"Deni lipo. Nani amesema halipo?"

Nikafungua daftari. Nikalifuta lile neno *tu*,
likaacha doa la wino.
Chini yake nikaandika:
*Sindano moja, ya kaki.
Anayedaiwa: katibu.*
Akaniambia niweke na tarehe.